Nyumbani wananiita Daktari, na tasnifu bado haijaisha

Mama Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku. Ndiyo saa ninayoamka siku hizi, hata nikilala saa sita. Nina miaka 38, ni mwanafunzi wa uzamivu (PhD) hapa Dar es Salaam, na mwaka wa 6 umeshapita nikiwa bado mwanafunzi. Chuo changu sitakitaja, maana watu wa idara yetu tunajuana wote.

Nilianza Oktoba 2019 kwa ufadhili wa miezi 36. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari ya binafsi. Niliacha kazi, nikamwacha binti yangu wa miaka mitatu kwa mama yangu Iringa, nikaja mjini na begi moja. Utafiti wangu unahusu akina mama wanaolima mwani pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo hicho kilianza kule kibiashara mwaka 1989, na tangu zamani wanalima maji machache, wanaingia shambani wakati wa bamvu bahari inapokupwa mbali. Sasa maji yamezidi joto. Mwani wenye bei nzuri, ule wanaouita kotoni, unageuka mweupe na kukatika wenyewe. Wataalamu wanawashauri wahamie maji ya kina, walime kwa kamba zinazoelea. Wengi hawahami, na mimi nilikwenda kuuliza kwa nini. Nimekaa nao misimu miwili, nimefunga vichipukizi kwenye kamba mpaka vidole vikachanika. Siku moja mama mmoja wa Jambiani aliweka kamba yake chini, akaniangalia, akaniuliza, "Wewe mwenyewe unajua kuogelea?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tuendelee kufunga."

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa kwa korona, nikapoteza msimu mzima. Mwaka 2022 ufadhili ukaisha. Sura tano kati ya saba zimekamilika. Imebaki ya sita, mjadala wa matokeo, na ya saba ambayo ni hitimisho. Rasimu ya sura ya sita nilimpelekea msimamizi wangu mwaka jana. Alikaa nayo miezi minne. Iliporudi, juu aliandika hivi: "Mjadala haujatosha. Hoja yako iko wapi?" Hakuna kingine isipokuwa alama za wino mwekundu. Hiyo ilikuwa Februari. Mpaka leo sijamjibu. Nikiona jina lake kwenye simu tumbo linanikata, na barua pepe yake ya mwisho sijaifungua, ina miezi mitatu sasa.

Naishi kwa kuunga unga. Nafundisha kwa saa katika chuo kimoja cha kati ambacho kinanidai uvumilivu wa muhula mzima, maana hela hazijatoka. Nafanyia wanafunzi wa uzamili uchambuzi wa takwimu. Na hapa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: mwaka huu nimewaandikia wawili sura zao. Si kuwasahihishia, kuwaandikia. Mmoja nilimaliza sura mbili kwa wiki tatu. Kodi ya chumba ilikuwa imefika na mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni.

Nyumbani ndiko kunakoniumiza zaidi. Mama alitangaza siku nyingi kanisani kwamba mwanawe ni daktari. Nikienda Iringa naitwa "dokta" kuanzia stendi. Krismasi iliyopita bibi mmoja jirani alinivutia pembeni, akapandisha khanga, akanionyesha mguu uliovimba, akaniomba nimwandikie dawa. Nilimsindikiza zahanati, nikarudi nikajifungia chumbani nikalia. Binti yangu ana miaka tisa. Aliniuliza kwa nia njema kabisa, "Mama, mimi niko darasa la nne. Wewe uko la ngapi?"

Sasa nimepata kazi. Shirika moja linataka afisa mradi Tanga, kufanya kazi na vikundi vya wakulima wa mwani. Mkataba wa miaka miwili, mshahara 1,800,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wanataka mtu mwenye shahada ya uzamili. Kwenye CV niliuondoa uzamivu, kwa sababu mara mbili nyuma niliambiwa nimesoma kupita nafasi yenyewe na kwamba nitawakimbia. Wamenipa wiki tatu niseme ndiyo au hapana.

Nikienda, naogopa tasnifu itakufa. Nimeona wenzangu watatu walivyoondoka "kwa muda" na hawakurudi. Nikibaki, nabaki kwa ajili ya nini? Matangazo ya uhadhiri niliyoyaona kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, yalitaka GPA (wastani wa alama) ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Ya uzamili ninayo, 4.3. Ya shahada ya kwanza nina 3.6. Yaani hata nikimaliza kesho, ule mlango umefungwa na alama nilizopata nikiwa na miaka 23. Na matangazo yale yale yanataka mtu asiyezidi miaka 45. Nahesabu, Mama. Nimebakiza saba.

Niende, nibaki, au niache yote?

Mwanafunzi wa miaka mingi, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kuniamini na yale ambayo hujamwambia mtu.

Nianze kwa kukurudishia nilichosikia, unisahihishe kama nimekosea. Unayo tasnifu iliyokwama kwenye sura ya sita. Unayo kazi inayosubiri jibu. Unalo jina la "daktari" ambalo umevishwa kabla ya wakati na linakubana shingo. Na unao mlango wa uhadhiri unaouona umefungwa. Umeyafunga yote manne kwenye kamba moja, ukiligusa moja yote yanatikisika, ndiyo maana usingizi unakatika saa tisa. Mimi nitajaribu kuyafungua moja moja, na nitakaa zaidi pale ninapoona pana fundo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila mara nilisimama mahali pamoja: uliandika sura mbili za mtu mwingine kwa wiki tatu. Sura yako moja ina mwaka. Kwa hiyo kuandika unaweza, na unaweza kwa kasi. Uwezo haujaisha wala akili haijachoka, kama ninavyohisi unajiambia usiku. Kilicho tofauti ni kwamba sura zile hazikuwa na jina lako. Hapakuwa na mama yako ndani yake, wala bibi mwenye mguu uliovimba, wala miaka sita ya kuonyesha. Sura yako ya sita umeibebesha kazi ya kuhalalisha kila kitu ulichoacha tangu 2019, na hakuna sura duniani inayoweza mzigo huo. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo: ieleze matokeo yako yana maana gani.

Kuhusu kuwaandikia watu, nitasema wazi kwa sababu nakupenda. Acha leo. Uchambuzi wa takwimu ni kazi halali ukifanywa kwa uwazi, mwanafunzi akaeleza kwenye tasnifu yake kwamba alisaidiwa na akaelewa alichosaidiwa. Kumwandikia mtu sura ni jambo jingine. Vyuo huliadhibu kama udanganyifu, na anayeandika akiwa mwenyewe mwanafunzi anaweza kupoteza shahada ambayo ameinyimia mtoto wake miaka sita. Sikuhukumu kwa kodi ya chumba. Najua mwenye nyumba akisimama mlangoni hakuna maadili yanayoingia. Lakini umeniambia bila kuulizwa, na mtu hasemi hivyo kama jambo limekaa vizuri moyoni mwake.

Sasa twende kwa msimamizi. Umesoma maneno yake, "Hoja yako iko wapi?", ukasikia tusi. Mimi niliyasoma nikiwa mbali na maumivu yako, nikasikia swali. Inawezekana ni mtu mkavu wa maneno. Inawezekana kuchukua miezi minne na kurudisha mstari mmoja ni uzembe, na una haki ya kukasirika. Lakini lile swali lina jibu, na jibu umeliandika kwenye barua hii. "Wewe mwenyewe unajua kuogelea?" "Sijui." "Basi tuendelee kufunga." Hebu liangalie. Wataalamu wanamwambia mwanamke ahamie maji ya kina, na hakuna aliyemuuliza kama anajua kuogelea, kama ana chombo cha kumfikisha huko, nani atashika usukani, na watoto watabaki na nani akitoka kwa saa ambazo si za kupwa. Katika maji machache shamba ni lake, anakwenda kwa miguu yake. Katika maji ya kina shamba ni la mwenye mashua. Mimi si mtaalamu wa mwani, na huenda nimeongeza chumvi. Ila nimeelewa utafiti wako kwa mistari minane uliyomwandikia mama usiyemjua, saa tisa usiku, bila marejeo. Sura hiyo ya sita hukuiandika hivyo, sivyo? Nadhani uliiandika ukiwa na hofu, ukajificha nyuma ya waandishi wengine hamsini, na msimamizi akakutafuta asikuone.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu Tanga, ningependa ufanye mambo mawili madogo. Ifungue ile barua pepe. Mwite rafiki akae pembeni yako kama mikono inatetemeka, mwambie aisome yeye kwanza. Miezi mitatu umekuwa ukiishi na barua uliyoitunga mwenyewe kichwani, na mara nyingi tunayoitunga huwa kali kuliko iliyoandikwa. Kisha mwandikie mistari michache. Usieleze maisha yako yote, usiombe radhi kurasa mbili. Mwambie, "Shikamoo Profesa. Nilikwama baada ya maoni yako, nikanyamaza, samahani. Nimepata hoja ya sura ya sita, naiweka hapa kwa aya moja. Naomba dakika thelathini za kuzungumza wiki hii kwa sababu nina uamuzi wa kazi." Aya moja tu. Akijibu vizuri, umempata tena. Asipojibu ndani ya wiki mbili, unayo njia nyingine: msimamizi wa pili kama yupo, mratibu wa masomo ya uzamili na uzamivu wa idara, na juu yake ofisi inayoshughulikia wanafunzi hao chuoni. Njia hiyo ina hatari yake, wakubwa hawapendi kurukwa. Ndiyo maana ni muhimu uwe na kumbukumbu ya maandishi kwamba ulimtafuta kwanza.

Nije kwenye kazi. Nimeona umeiweka kana kwamba ni kazi au tasnifu, kimoja kikiingia kingine kinatoka. Nakuuliza: unapima kumaliza kwa siku ipi? Kama ni siku ya joho na mahafali, basi hakika ni mbali. Lakini wewe unajua mwendo ulivyo. Ukishakabidhi tasnifu, inakwenda kwa watahini wa ndani na wa nje, na hapo ni miezi ya kusubiri ambayo huna la kufanya. Baadaye unaitwa kwenye utetezi, unapewa masahihisho, ndipo jina linapelekwa Seneti. Muda wote huo mtu anaweza kuwa Tanga, Mtwara au popote, anapanda basi siku ya utetezi na kurudi. Sehemu inayokuhitaji mwili mzima ni hii iliyobaki kabla ya kukabidhi, sura mbili. Chukua karatasi, andika ni wiki ngapi, kwa kasi ile uliyoandikia watu. Angalia pia chuo chako kinataka taarifa ya nia ya kukabidhi muda gani kabla, maana vyuo vingi vinaitaka mapema na wanafunzi wengi hukwamia hapo. Na ulizia usajili: muda wako wa masomo unakwisha lini, unahitaji kuomba nyongeza, na ada ya nyongeza ni kiasi gani. Haya ukiyajua kwa tarehe na kwa shilingi, nusu ya hofu itapungua, nakuhakikishia.

Ukichukua kazi kama ilivyo, utapata pumzi. Lakini tupige hesabu pamoja. Katika 1,800,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itachukua asilimia 10, yaani 180,000. Kama bado una deni la Bodi ya Mikopo, wao hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hiyo ni 270,000. Kodi ya mapato nayo itakata zaidi ya laki tatu. Mkononi utabaki na milioni moja na ushee mdogo. Bado kuna nyumba ya Tanga, hela ya mtoto Iringa, na ada ya chuo. Ni fedha nzuri kwa mtu anayeunga unga, sikatai, na kulala bila kumwogopa mwenye nyumba ni jambo linaloweza kuandika sura lenyewe. Hatari yake umeitaja: wale wenzako watatu. Ningekuomba umtafute mmoja wao umuulize kilichotokea. Ninavyowajua wanafunzi, kilichowaangusha mara nyingi si kazi. Waliondoka wakiwa wameshagombana na sura yao, kazi ikawapa sababu yenye heshima ya kutoifungua tena. Ukienda Tanga na barua pepe ambayo haijafunguliwa, naogopa litakupata hilo hilo. Ukienda na hoja iliyokubaliwa na tarehe ya kukabidhi, ni safari nyingine kabisa.

Unaweza pia kuwaomba muda. Waulize kama unaweza kuanza wiki sita baadaye. Mashirika huwa yanasubiri watu wanaopaswa kutoa notisi kwa mwajiri wa zamani, kwa hiyo ombi lenyewe si la ajabu. Lakini hapo itabidi useme kwa nini, na hapo ndipo CV yako inaporudi. Kuuacha uzamivu nje ya CV, kama hakuna aliyekuuliza, sikuiti uongo; mtu huchagua anachoonyesha. Ila soma fomu walizokujazisha. Kama kuna mahali wameuliza iwapo unasoma kwa sasa na ukaandika hapana, rekebisha kabla ya kusaini. Hata kama hawakuuliza, fikiria siku utakapoomba ruhusa ya kwenda kwenye utetezi, au watakaposikia kijijini kwamba afisa mradi wao ni yule aliyekuwa anafanya utafiti Unguja. Dunia ya mwani ni ndogo, wakulima, wanunuzi na watafiti wanajuana. Kuna uwezekano ukiwaambia wakaghairi. Kuna uwezekano vilevile wakafurahi, kwa kuwa wamepata kwa mshahara wa uzamili mtu aliyekaa na wakulima misimu miwili. Nani kwenye usaili ulimwona ana macho ya kusikiliza? Anza na huyo. Na jambo moja la kuchunga: utakayoyakusanya ukiwa kazini ni ya mradi, usiyachanganye na tasnifu bila ruhusa ya maandishi.

Kuikataa kazi ubaki umalize, hilo nalo lipo, na sitaki ulione kama ujinga. Lakini ubaki na nini mfukoni? Kama jibu ni kuandikia watu sura, basi hujabaki kumaliza. Ukiona miezi mitatu inatosha, tafuta fedha ya miezi mitatu yenye jina: yale madai ya chuo cha kati uyafuatilie kwa barua, dada au kaka anayeweza kukukopesha kwa tarehe ya kurudisha, au kikoba kama uko ndani. Kubaki bila mwisho uliopangwa ndiko kulikokufikisha mwaka huu.

Na kuacha kabisa? Umeliuliza kwa neno moja mwishoni, kama mtu anayechungulia. Watu huacha uzamivu na wanaishi vizuri, sitakuficha. Ningependa tu, kama utaacha, uwe umeacha ukiwa umelala usingizi wa kutosha na umeongea na msimamizi. Usiache saa tisa usiku.

Tuje kwenye GPA. Hapo nilihuzunika nawe, kwa sababu inauma mtu mzima kufungiwa mlango na mtihani wa ujanani. Matangazo uliyoyaona yapo na sitakwambia hayapo. Lakini nilirudi kwenye barua yako nikatafuta mahali uliposema unataka kuwa mhadhiri. Hapapo. Umeandika kuhusu akina mama, kamba, maji, vidole vilivyochanika. Darasani umepataja mara mbili tu, sekondari uliyoiacha na chuo ambacho hakijakulipa. Je, uhadhiri ni ndoto yako, au ni kitu ambacho watu hudhani kila mwenye uzamivu lazima awe? Jijibu taratibu. Kama ni ndoto yako kweli, soma kila tangazo peke yake, la vyuo vya binafsi na vya umma, na uandike kwa idara kuuliza. Kuuliza hakugharimu kitu. Kama si ndoto yako, basi angalia palipo na bahari. Kuna TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na mwenzake ZAFIRI kule Zanzibar. Kuna WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yenye makao Zanzibar na ambayo imekuwa ikitoa ruzuku za utafiti. Kuna kazi za tathmini ya athari kwa mazingira, ambazo wataalamu wake husajiliwa kupitia mamlaka ya serikali ya mazingira. Na kuna ufadhili wa utafiti wa baada ya uzamivu, kama ule wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, unaopokea waombaji wa taifa lolote. Kule hawahesabu umri wako, wanahesabu miaka ya utafiti tangu utunukiwe shahada, isizidi 8. Umenihesabia saba mpaka 45. Hii nyingine haijaanza kuhesabiwa. Ushindani wake ni mkali, wengi hukosa, nami sikupi matumaini ya bure. Nataka tu uone kwamba kuna milango ambayo hufunguliwa kwa ile shahada yenyewe, si kwa 3.6.

Mwanangu, mama yako. Alitangaza kanisani kwa furaha, na wewe ukanyamaza kwa heshima, na kimya hicho kimekuwa kama deni linalozaa riba. Sidhani anahitaji maelezo ya watahini wa nje. Mpigie simu jioni akiwa ametulia, umwambie, "Mama, shahada bado. Nimebakiza sura mbili na naona aibu mnaponiita daktari." Anaweza kununa kidogo. Anaweza pia kukwambia kwamba alishajua tangu siku uliyojifungia chumbani, maana mama husikia kilio hata kupitia ukuta wa tofali. Na siku nyingine wakikuonyesha mguu, ulichofanya ndicho hasa kilichotakiwa: ulimsindikiza zahanati.

Binti yako alikuuliza swali analolielewa mtoto wa darasa la nne, na anastahili jibu la kiwango hicho. Mwambie uko sura ya sita, ziko saba. Muombe akuulize kila Jumapili umefika ukurasa wa ngapi. Nimeona watoto wakiwa wasimamizi wazuri kuliko maprofesa, na yeye hatakaa na rasimu miezi minne.

La usingizi nisilipite. Kuamka saa tisa kila usiku, tumbo kukukata kwa kuona jina, kulia ukiwa umejifungia, hayo yakidumu miezi ni jambo la kumwona daktari, yule wa hospitali. Chuoni kwako ulizia ofisi ya washauri wa wanafunzi. Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili na katika hospitali za rufaa za mikoa. Nenda kabla hata ya kuandika ile aya kama unaona mwili umekataa.

Unazo wiki tatu, au sasa ni mbili. Kuna barua pepe ya kufungua, karatasi ya tarehe na shilingi, simu ya msimamizi, mazungumzo na shirika, simu ya Iringa. Sijui utaishia wapi, na sitajifanya najua. Anayekaa ndani ya maisha hayo ni wewe. Ila uniandikie tena, hata kama ni kuniambia umeamua tofauti na nilivyodhani. Na sura ya sita ukiianza upya na swali la yule mama wa Jambiani, nitumie ukurasa wa kwanza. Nataka kuusoma. Nadhani na yeye angependa asomewe, ukienda tena bamvu likiingia.

Mama Mshauri